Yai Nililompa Ndirangu

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, nilimfunga ndugu yangu mdomo kwa yai moja la kuchemsha. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, na hivyo ndivyo nilivyoamini hadi mwaka jana, nikiwa tayari mama wa mtu, mwalimu wa baiolojia, na cheti cha chuo kikuu nimekitia fremu kikaning'inia sebuleni. Nayaandika haya nikiwa bado na hasira. Anayetaka hadithi ya mtu aliyekwisha kusamehe, aitafute kwingine.

Kwetu ni Naro Moru, upande wa juu wa barabara, ambako mlima huonekana wote asubuhi na ikifika saa nne umeshajifunika. Bomani tulikuwa wanne: Mama, mimi, mdogo wangu Ndirangu, na Shosho, mama yake Baba, aliyekuwa na nyumba yake ya mbao ng'ambo ya ua. Baba alifanya kazi Nanyuki na kuja mwisho wa mwezi. Nyumbani tulizungumza Kikuyu, lakini maneno yao nitayaandika kwa Kiswahili kile kile tulichouzia viazi sokoni.

Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu linapendeza. Msichana wa kwanza huitwa nyanya yake mzaa baba, na mvulana wa kwanza huitwa babu yake. Mimi basi ni Wangeci, kama Shosho, na Baba akiwa na furaha aliniita "Mami". Ndirangu alipewa jina la babu, aliyekufa kabla hatujazaliwa, na kwa sababu hiyo Shosho hakumwita jina hata siku moja. Alimwita "mume wangu". "Mume wangu amekula?" aliuliza kila alipoingia jikoni, na sisi tulicheka. Ulikuwa mzaha, lakini haukuwa mzaha wote. Mume wake alikuwa amemrudia, ana miaka mitatu sasa, na alikuwa hajasema neno hata moja.

Shosho alifuga kuku wanane na aliwawekea sheria moja. Wageni walikula mayai, Baba alikula, hata mimi nilipewa nikiwa mgonjwa. Ndirangu, hapana.

"Mtoto hajaongea hapewi yai," alisema. "Yai haina mlango. Akikula, na yeye anafungika."

Mama alikuwa mtu wa kanisa, kitambaa cha chama cha akina mama kichwani kila Alhamisi. Kila Shosho alipotoka, Mama aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hayo ni mambo ya zamani, na kwamba Mungu hawezi kuzuiwa na kuku. Nataka mkumbuke kwamba Mama alisema hivyo. Mimi nimelikumbuka neno hilo kila siku tangu mwaka jana.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa nane, baridi ile ya manyunyu ambayo nguo hukaa kambani siku tatu bila kukauka. Mama alikuwa ameenda sokoni na viazi. Shosho alikuwa ameenda kutafuta kuni. Niliachiwa Ndirangu, na sufuria ya githeri ambayo mahindi yake yalikuwa magumu kiasi kwamba nilijua kufikia saa nane haitakuwa imeiva. Ndirangu alianza kulia njaa. Kilio chake hakikuwa na "mama" wala "nataka" ndani yake, ilikuwa sauti moja tu, kubwa, isiyopanda wala kushuka. Nilimpa maji, akayamwaga. Nilimbeba mgongoni, akanivuta nywele.

Nyuma ya gunia la makaa nikaliona yai. Kuku mmoja wa Shosho alikuwa na tabia ya kutagia jikoni kwetu, na siku hiyo alikuwa ameliacha hapo, bado lina joto. Nililichemsha katika sufuria ya chai. Nililimenya nikiungua vidole, nikalitia chumvi kidogo, nikampa.

Sijawahi kumwona mtu akila kitu namna ile. Alifumba macho. Kiini kilimpaka hadi kidevuni, naye akakirudisha mdomoni kwa kidole, polepole, asipoteze hata chembe. Kisha akanitazama na kucheka, akaifungua mikono yake ili nione kwamba limekwisha, nimwongeze.

Shosho alitukuta hivyo. Alitua mzigo wa kuni mlangoni, akaona maganda, akaona kidevu cha Ndirangu. Hakunipiga. Laiti angenipiga. Alikaa chini pale pale, juu ya kuni zake.

"Wangeci," akasema, "umefunga mume wangu mdomo."

Mama alirudi jioni ingali na mwanga. Shosho alimweleza kila kitu, maganda mkononi kama ushahidi. Nilimtazama Mama, nikamngoja aseme yale aliyokuwa akiniambia kwa sauti ya chini, kwamba Mungu hazuiwi na kuku. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akamwangalia Ndirangu, akamwangalia Shosho, kisha akaketi kwenye kigoda na mabega yake yakashuka.

"Kumbe ni wewe," akaniambia.

Mabega yale nilidhani ni uchovu wa soko. Nilidhani hivyo kwa miaka ishirini na saba.

Shosho hakuwa mtu wa kukata tamaa, hasa kwa mume wake. Aliamua kwamba aliyefunga ndiye atakayefungua. Nikaapishwa nisile yai mpaka Ndirangu aongee. Na kila asubuhi, kabla ya shule, nilikaa naye kwenye mkeka jikoni, uso kwa uso, nikalisema jina lake mara kumi ndani ya mdomo wake. Ndirangu. Ndirangu. Ilibidi nikaribie hadi pumzi yangu iingie. Yeye alidhani ninamtekenya na alicheka sana. Alinishika mashavu kwa mikono miwili, akaitazama midomo yangu, akangoja inayofuata. Nikimaliza ya kumi, nilimwangalia nikiomba kimoyomoyo. Leo, Mungu wangu, iwe leo. Kisha nilichukua mkoba nikaenda shule nikiwa mwenye dhambi yule yule wa jana.

Nilifanya hivyo miaka mitano. Mama alikuwa hapo jikoni kila asubuhi, hatua tatu kutoka kwetu, akikoroga uji.

Ndirangu alipofika miaka minane, mwalimu mgeni wa nasari alikuja nyumbani kuuliza mbona mtoto huyu haletwi shule. Alimwangalia kidogo, akasimama nyuma yake, akaangusha kifuniko cha sufuria sakafuni. Sisi sote tulishtuka. Ndirangu aliendelea kuchezea kamba yake. "Huyu hasikii," mwalimu akasema. Mama alishika kichwa kwa mikono miwili na kupiga ukemi. Nilimkimbilia, nikamkumbatia, nikamwomba msamaha, maana sasa nilielewa kwamba yai lile lilikuwa limefunga na masikio pia. Alinipigapiga mgongoni. "Basi, basi, imepita," alisema.

Ndirangu akapelekwa shule ya viziwi. Walimu walishangaa jinsi alivyojua kusoma midomo ya watu, wakauliza ni nani aliyemfundisha. 

Shosho alikufa nikiwa na miaka kumi na tisa. Wiki yake ya mwisho aliniita kando ya kitanda, akanishika mkono. "Wewe ni mimi," alisema. "Mtu hawezi kujikasirikia mpaka kaburini. Nilikusamehe." Nililia nikashukuru. Nilikaa na msamaha ule kama mtu aliyeokota kitu cha thamani, na sikujua kwamba haukuwa wangu, kwamba ulikuwa wa mtu aliyesimama mlangoni na bakuli la supu.

Sasa ninaishi Skuta, mjini Nyeri, na nina mtoto mmoja, Maina. Niwaambie jambo la aibu. Ninafundisha kidato cha tatu sehemu za yai. Nachora ubaoni ganda, ute na kiini, nawaeleza wanafunzi hakuna chakula bora kuliko hicho kwa bei yake, na wanaandika. Na nyumbani kwangu, mwanangu alifika miaka miwili na nusu bila kuonja yai, kwa sababu alikuwa bado hajaongea. Nikiulizwa nilisema yanamletea vipele. Mimi mwenyewe sikuwa nimelila tangu siku ile, kwa kuwa kiapo kilikuwa kwamba Ndirangu aongee, na Ndirangu huongea kwa mikono.

Mwezi wa kumi, nasari ya Maina kule Ruring'u ilituletea ujumbe kwa simu. Kutakuwa na Halowini, sikukuu ile ya Wazungu ya mizimu, kila mtoto aje amevaa kitu cha kutisha. Nilitoboa shuka kuukuu matundu mawili ya macho. Mama alikuwa amekuja kututembelea, na alipoona akaweka kikombe chini.

"Wangeci, unavalisha mtoto shetani?"

"Ni mchezo tu, Mama. Watapewa peremende."

"Mchezo. Ati mizimu ni mchezo." Akatikisa kichwa. "Sisi hatukulea nyinyi na hayo mambo."

Wazazi tulialikwa kutazama. Watoto walipita mbele mmoja mmoja, mchawi, popo, mmoja amefungwa karatasi za chooni mwili mzima, na kila mmoja alisema jina lake na kupiga kelele ya kutisha, nasi tukajifanya tumeogopa. Zamu ya Maina ilipofika alisimama katikati ya darasa chini ya shuka lake. "Sema, mimi ni Maina," mwalimu akamwambia. Kimya. "Wuuu?" Kimya. Wazazi wakacheka, mmoja akasema huyo ndiye mzimu wa kweli. Niliona macho yake kwenye matundu yakinitafuta, na mwili wangu wote ukarudi jikoni Naro Moru.

Baadaye mwalimu alinivuta kando. "Madam, usikasirike. Maina ni mtoto mzuri, lakini wenzake wanaongea sentensi. Yeye hana hata maneno tano. Mpeleke akapimwe masikio, tafadhali, usingoje."

Nilipomweleza Mama nyumbani, aliinua macho kutoka kwa maharagwe aliyokuwa akichambua. Akaniuliza bila kusita, "Kwani ulimpa mayai?"

Nilimjibu hapana, sijawahi. Akashusha pumzi na kuendelea kuchambua. Nami nikafikiri, maskini Mama, naye bado amebeba ile siku.

Daktari wa masikio aliniuliza kama kuna mtu kwetu asiyesikia. Nikasema ndugu yangu. Alizaliwa hivyo, ama aliugua?  Jibu pekee nililokuwa nalo lilikuwa yai, na kulisema mbele ya koti lile jeupe nisingeweza. Nilimpigia Mama simu nikiwa hapo hapo kwenye benchi. Alisema hakumbuki, ni zamani, na makaratasi yalipotea tulipoezeka upya nyumba.

Jumamosi nilienda Naro Moru. Mama alikuwa kwenye mkutano wa chama. Ndirangu nilimkuta kwenye karakana yake, maana yeye ni seremala, vitanda na milango, na nikamuuliza kwa ishara kama kuna karatasi zozote za utoto wake. Hakufikiri mara mbili. Alinipeleka chumbani kwa Mama, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akatoa bahasha. Vyeti vyake vya shule vilikuwa humo, na chini yake kadi ya kliniki, imekunjwa mara mbili. Alinipa akarudi kazini.

Ilikuwa imeandikwa Kiingereza cha haraka cha madaktari. Mtoto hasikii masikio yote mawili. Huenda ni kutokana na homa ya uti wa mgongo aliyougua akiwa na mwaka mmoja na nusu. Apelekwe shule ya viziwi. Mama ameelezwa. Chini yake palikuwa na sahihi ya Mama, ile ile aliyokuwa akitia kwenye ripoti zangu za shule. Na tarehe. Mwezi wa tatu, mwaka ule wa yai. Nilimpa yai mwezi wa nane.

Niliihesabu kwa vidole, mimi mwalimu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Tatu, nne, tano, sita, saba, nane.

Mama aliporudi alinikuta mezani na kadi mbele yangu. Hakuigusa.

"Imetoka wapi?"

"Kwa sanduku. Mama, ulijua."

Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akakikunja tena. "Shosho yako aliniambia nimpeleke hospitali siku ya kwanza ya ile homa," alisema. "Nikasema ni meno. Kesho yake ilikuwa soko na waru zilikuwa zimechimbwa, ziko kwa magunia. Nikangoja soko ipite, viazi ziuzwe. Sasa ulitaka nimwambie aje? Ati mume wake ameharibika masikio juu ya waru?"

"Ukamwambia ni mimi."

"Ni yeye alisema ni wewe. Mimi nilinyamaza tu."

"Ulisema 'kumbe ni wewe.' Nilikuwa hapo."

Kuku mmoja aliingia, akazunguka chini ya meza, akatoka. Mama alimfuata kwa macho hadi mlangoni.

"Wewe uko na jina yake," alisema mwishowe. "Wewe ni yeye, Wangeci. Hangeweza kukufukuza. Mimi angeambia baba yako anirudishe kwetu, na nyinyi ningewaachia nani? Nilijua wewe atakusamehe."

"Na alinisamehe. Kwa kitu sikufanya."

"Nilidhani utasahau," Mama alisema. "Watoto husahau."

Nilitaka kumuuliza juu ya asubuhi zile. Nilitaka kujua alikuwa akifikiria nini, mwiko mkononi, akinitazama nikipuliza jina kwenye mdomo wa mtoto ambaye yeye alijua hasikii. Je, hakuna hata asubuhi moja ambayo alikaribia kusema, Wangeci, inatosha, nenda shule? Lakini nilisimama. Nikachukua kadi nikatoka.

Ndirangu alikuwa akipiga randa ubao wa mlango. Niliketi juu ya magogo nikamweleza yote kwa mikono, kwa kusitasita, maana ishara zangu si nyepesi nikiwa ninalia. Hakuwa akijua chochote. Ni nani angemwambia? Habari yenyewe ilizunguka juu ya kichwa chake miaka yote, na kwa sababu ilimhusu, watu walifunika midomo walipoisema. Asubuhi zile kwenye mkeka alizikumbuka vizuri sana. Alikuwa akidhani ni mchezo wetu, wake na wangu, na alipopelekwa bweni ndicho kitu alichokililia.

Aliisoma kadi taratibu, akanirudishia. Aliangalia kule nyumbani, taya limekaza. Kisha akaweka randa chini, akafuta vumbi la mbao mikononi ili nimwone vizuri.

Yai nalikumbuka, alisema kwa ishara. Lilikuwa tamu. Mbona hukunipa lingine?



Masikio ya Maina yalipimwa, ni mazima. Tuliambiwa ulimi wake unachelewa tu, kama wa watoto wengi, na tukapewa dada mmoja wa kumfundisha kuongea. Anakula yai kila asubuhi. La kwanza nililila naye, nusu kwa nusu, na sikuisikia ladha yake.

Watu huniambia nimwelewe Mama, alikuwa na miaka ishirini na tisa na mama mkwe mkali. Ninamwelewa. Nimemwelewa vizuri kuliko wanaonishauri. Ningekuwa mwanamke yule huenda nami ningenyamaza siku ile ya kwanza, jioni moja, kwa hofu. Ila jioni ile ilikuwa moja, na asubuhi zilikuwa nyingi, na kila moja ilimpa nafasi mpya ya kuniambia. Alichagua mtu wa kumtupia mzigo wake kwa kuwa alijua mtu huyo anapendwa. Alilitumia pendo la Shosho kujifichia, na Shosho akaenda kaburini akiamini mkono wake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, ndio uliomnyamazisha mumewe.

Dada yule wa kufundisha alinipa zoezi la kufanya nyumbani. Niketi chini na mtoto, uso kwa uso, aione midomo yangu, nilitaje jina polepole, kisha ningoje. Mara kumi, kila asubuhi. Aliposema hivyo ilibidi nimwombe arudie.

Mama alikuja kulala kwetu Jumamosi iliyopita. Jumapili asubuhi alikuwa jikoni akikoroga uji, mlango uko wazi, nami nikatandika mkeka sebuleni nikamketisha Maina. Alinishika mashavu. Nilisema jina lake mara moja, mara mbili, na nyuma yangu nikasikia mwiko umesimama. Sikugeuka. Mara ya nne nikasikia gesi inazimwa, kisha mlango wa nje. Maina aliuangalia mlango, akaniangalia mimi, akangoja inayofuata. Nilisema mara sita zilizobaki.